Uzoefu Wangu na Kofia ya Chuma ya Kijerumani ya M42, Pamoja na Cheti Chake

Kofia ninayoieleza hapa ni ya jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aina ya M42, niliyoinunua kwa yuro 320 kutoka kwa muuzaji wa vitu vya kale vya kijeshi nchini humo, ikiwa na bitana yake ya ngozi, mkanda wa kidevuni, na cheti chenye saini na muhuri kinachothibitisha uhalisi wake. Haina nembo yoyote ubavuni, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya niichague.

Bei ya kofia hizi hupandishwa zaidi na nembo kuliko chuma chenyewe. Gamba lilelile, yaani chuma cha kofia bila bitana, lililotoka kiwanda kilekile, likiwa na alama za SS (kikosi cha chama cha Nazi), huuzwa kwa bei mara kadhaa ya lile lililo tupu, ilhali nembo yenyewe ni utando mwembamba wa rangi unaobandikwa kwa maji. Mghushi hana haja ya kufua chuma. Hununua gamba halisi, akabandika nembo ya juzi, akaikwaruza kidogo na kuipaka uchafu. Kwa hiyo mnunuzi hulipa pesa nyingi zaidi kwa sehemu ambayo ni rahisi zaidi kughushi, jambo ambalo wauzaji wengi hawapendi kulizungumzia.

Historia ya nembo husaidia kuchuja. Ngao ya rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu iliamriwa kuondolewa mwaka 1940, na nembo ya tai ikafuata mwaka 1943. M42 ilianza kutolewa mwaka 1942, na hutambulikana kwa ukingo wake uliokatwa bila kukunjwa ndani, tofauti na aina zilizoitangulia, M35 na M40. Basi M42 ya jeshi la nchi kavu yenye nembo zote mbili inahitaji maelezo mazito, lakini isiyo na nembo ni ya kawaida kabisa. Ukiona mtu ananadi kofia ya chuma ya M1916 kuwa ni masalia ya kampeni ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza huku Tanganyika, usipoteze muda: aina hiyo ilianza kugawiwa askari wa Verdun, Ufaransa, mwaka 1916, na askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki.

Kabla ya kulipa niliomba picha za ndani, na muuzaji alizituma siku hiyohiyo, jambo ninalomsifu. Ndani ya ukingo kuna chapa ya hkp64. Hkp ni alama ya kiwanda cha Lauter, jimbo la Saxony nchini Ujerumani, ambacho awali kilitumia herufi SE, na 64 ni saizi ya gamba. Pete ya chuma ya bitana ina chapa ya 64 na 57, na ngozi yenyewe ina 57, kwa hiyo vitu vitatu vinakubaliana. Ilipofika, nilitumia muda mwingi zaidi kwenye ribiti tatu zinazoshika bitana. Mikia ya ribiti hizo hukunjwa kwa ndani, na ikishafunguliwa na kukunjwa tena huacha mikwaruzo inayong'aa kwenye kona ya mkunjo. Hizi zina kutu sawasawa hadi kwenye kona, na chini ya kila mkia rangi ya gamba imebaki nzima, kijivu chenye ukijani, pasipo kuguswa na jua wala jasho. Hapo niliridhika kwamba bitana haijawahi kutolewa.

Cheti hakikunisaidia kitu. Kimeandikwa "halisi, cha wakati wa vita", bila chapa ya kiwanda, bila namba iliyo nyuma ya gamba, bila picha. Kingeweza kuambatanishwa na kofia nyingine yoyote. Muuzaji alikitoza yuro 25 zaidi, na sitakilipia tena kitu cha namna hiyo.

Kasoro ilionekana kwenye mkanda. Chini ya kurunzi ya urujuanimno nyuzi za mshono ziling'aa buluu kali, kama zinavyong'aa nyuzi nyingi za kisasa, na ngozi ilikuwa imepakwa kiwi cha kahawia ambacho kilitoka kwenye kitambaa cheupe nilipoisugua. Nilimpelekea muuzaji picha. Alijibu kwamba mkanda "huenda ulibadilishwa", akanirudishia yuro 40. Kwa gamba na bitana ninampa alama nzuri, kwa maelezo ya bidhaa alama ndogo, na bei iliyobaki baada ya marejesho naiona ya haki kwa M42 isiyo na nembo.