Ubud, Bali: uzoefu wangu, na kwa nini usiende kwa kutwa moja

Kila anaeniuliza kuhusu Bali, kile kisiwa cha Indonesia, anauliza fukwe. Mie mtu wa Unguja, bahari ninayo mlangoni, siwezi kukaa kwenye ndege masaa yote yale kupitia Doha eti nikaangalie mchanga, kwaiyo toka mwanzo niliamua nakwenda Ubud, mji wa ndani ya kisiwa, hauna bahari hata ya kuonea mbali, una mahekalu, mashamba ya mpunga, wachoraji na wachongaji. Na niseme mapema, mji wenyewe mchana naupa nyota tatu, vijiji vinavouzunguka nyota tano, na wale wanaopandishwa basi asubuhi kutoka hoteli za ufukweni wakarudishwa jioni wanaonja zile nyota tatu tu, ndo hao wanaokuja kusema Ubud pameisha.

Kufika sio kazi ila ni foleni. Uwanja wa ndege wa Ngurah Rai uko kusini, hamna treni, ni gari tu, masafa hayafiki hata kilomita 40 lakini saa moja na nusu inaliwa na siku mbaya hata mbili. Waambie unakofikia wakutumie dereva, bei mkubaliane kabla. Kabla hujaondoka kwenu lipa ile kodi ya wageni, rupia 150,000, ilianza Februari 2024, unalipia kwenye intaneti unatunza ile alama ya mraba (QR) kwenye simu. Viza ya kuchukulia uwanjani ni rupia 500,000 kwa siku 30, ila angalia kwanza kama pasipoti yako imo kwenye orodha. Na zile sifuri zisikutishe, mie nilikuwa nagawa kwa sita napata shilingi ya Tanzania, sio sawasawa kabisa lakini sokoni inatosha.

Malazi: kama unaweza, achana na hoteli yenye bwawa la kupigia picha, lala kwenye nyumba za familia, ziko nyingi na bei zake za kawaida kabisa. Nyumba ya kule sio jengo moja, ni uwanja umezungushiwa ukuta, ndani vibanda vibanda, hiki cha kulala wazee, hiki cha jiko, hiki cha shughuli, na pembeni upande wa mlimani hekalu lao la nyumbani. Chumba cha mgeni kinakuwa hapohapo kati, kwaiyo ukiamka unamkuta mama mwenye nyumba anapita na sinia la visadaka, vikapu vidogo vya majani ya mnazi, ndani maua, punje za wali, saa nyengine biskuti au pipi, na kijiti cha udi kinafuka. Anaweka kwenye hekalu, mlangoni, chini barabarani, mpaka juu ya vespa ya mwanawe. Kila siku! Wanaita canang sari, na ukishaviona unatembea unaangalia chini maana njia nzima imejaa, ingawa mbwa na kuku wao hawana habari, udi ukizimika tu wanakula.

Ila harufu iliyonishika mie sio ule udi, ni karafuu. Sigara zao za kretek zinatiwa karafuu ndani, mtu akipita anavuta unadhani uko Wete msimu wa kuanika. Wazee wa Pemba wanajua hii habari, Indonesia walikuwa wateja wakubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya hizohizo sigara, na mkarafuu wenyewe asili yake visiwa vya Maluku, nchi hiyohiyo. Nilimhadithia dereva akacheka, hakuwa anajua kama Zanzibar ni mahali.

Sasa katikati ya mji. Pana jumba la kifalme, Puri Saren, pana soko mbele yake, na mabarabara mawili matatu membamba ambayo saa nne asubuhi yameshafungana, vespa zinapanda mpaka sehemu ya waenda kwa miguu, ambayo nayo ina mashimo. Soko la vitu vya wageni sikulipenda, vikapu vilevile, magauni yaleyale, picha zilezile duka kwa duka kama Tingatinga za Mji Mkongwe, na ukiuliza nani kachora hakuna anaejua. Madereva wanakuita taksi taksi ila ukikataa wanacheka wanakuacha, papasi wetu wa Unguja, wale wanaoganda wageni, waende wakasome kule. Hekalu la Saraswati lilo jirani ni zuri, bwawa la mayungiyungi mbele na mawe yamechongwa mpaka unajiuliza mkono gani, lakini nenda mapema, baadae ni foleni ya selfi.

Aliechora ramani ya hilo hekalu, miaka ya mwanzo ya 1950, ni Gusti Nyoman Lempad, na hapa ndo inaanza sehemu niliyoipenda kuliko zote, makumbusho. Lempad alikuwa mchoraji, mchongaji, mjenzi, kila kitu, akafariki 1978 kishapita miaka mia kwa maelezo ya watu wake. Zamani picha za Bali zilikuwa za kupamba mahekalu na majumba ya wafalme, hadithi za Kihindu za Ramayana na Mahabharata, watu wamechorwa kama vikaragosi vya ngozi. Miaka ya 1920 na 30 wakahamia wazungu wachoraji, Walter Spies na Rudolf Bonnet, wenyeji wakapata karatasi na rangi nyengine, wakaanza kuchora soko, mavuno, ngoma, watu wanaoga mtoni. Wageni wakaanza kununua, na kilichofuata sote tunakijua, picha za harakaharaka. Basi mwaka 1936 Spies, Bonnet, Lempad na mkuu wa ukoo wa kifalme wa Ubud, Tjokorda Gde Agung Sukawati, wakaunda chama, Pita Maha, kazi yake kuangalia ubora, picha mbovu haipiti. Yani miaka karibu 90 iliyopita walishaliona lile soko ninalolalamikia mie hapa!

Yote haya utayaona kwa macho ukiingia Puri Lukisan, makumbusho ya tangu 1956, hatua chache tu kutoka kwenye ile vurugu, na ndani nilikuwa karibu peke yangu, bustani, mabwawa, feni inazunguka. Inaniuma kidogo, watu elfu wanasukumana nje kupiga picha na mlango halafu michoro yenyewe haina wa kuiangalia. Neka nayo, ya 1982, nenda, ina banda la michoro ya wino ya Lempad, mstari mmoja mwembamba tu na mtu kashasimama. ARMA, makumbusho nyengine, ni kubwa zaidi na ina bustani, ila kama una muda wa moja, chukua Neka.

Mahekalu. Kwanza nguo, lazima ujifunge kitambaa kuanzia kiunoni na mshipi juu yake, wanaazima mlangoni, mie kanga yangu ilipita bila maneno. Dada zangu mjue pia kuna vibao vinasema mwanamke alie kwenye siku zake asiingie, upange safari kwa kulijua hilo. Tirta Empul, kule Tampaksiring, ni chemchemi ambayo hekalu lake ni la mwaka 962, maji yanatoka chini mchanga unachemka kabisa unauona, halafu yanapita kwenye mifereji ya mawe watu wanaingia kiunoni kujitakasa, mmoja baada ya mmoja, na kuna miwili wanairuka kwa sababu ni ya mambo ya maiti. Mie Muislamu, sikuingia, ibada ya watu sio bwawa la kuogelea, nilikaa pembeni nikaangalia na sikujutia hata kidogo. Nilimuona bibi mmoja kainamisha kichwa chini ya maji muda mrefu, nyuma yake kijana mgeni anamwambia mwenzake piga tena hiyo haijatoka vizuri. Sitosema zaidi.

Karibu na hapo, sio mbali kabisa, pana Gunung Kawi na hapo ndo nyota tano kamili. Unashuka ngazi zaidi ya 250 katikati ya mpunga, unafika mtoni, na ng'ambo ukuta wa mwamba umechongwa minara kama mita saba kwenda juu, ya karne ya 11, ya kumbukumbu za ukoo wa kifalme. Haikujengwa, mwamba wenyewe umekatwa. Kurudi juu magoti yatakusimulia, beba maji. Goa Gajah, lile pango la mdomo wa jitu, ni dogo na dakika chache limekwisha, pitia tu kama liko njiani.

Tegallalang yenye yale matuta ya mpunga imekuwa ya mabembea na kahawa ya fungo (buni zilizopita tumboni mwa fungo), kila hatua mtu anataka picha yake. Mashamba yenyewe lakini ni maajabu, mfumo wao wa kugawana maji unaitwa subak, wakulima wanaamua pamoja nani apate maji lini na mipango inapitia kwenye mahekalu ya maji, UNESCO wameuandika 2012. Kuuona kwa utulivu nenda Jatiluwih, mbali kidogo ila panatembeka. Msitu wa kima sio mbaya, na nilifurahi kusikia unaendeshwa na kijiji chenyewe cha Padangtegal, ila vua miwani, hereni, kila kitu, wale kima wana mikono.

Chakula, Waislamu wenzangu, huku si Java yenye Waislamu wengi, Bali wengi ni Wahindu. Sifa ya Ubud ni nguruwe wa kuchoma, na lawar, ile mboga yao, mara nyingi inatiwa damu, usile kwa kuiona majani. Tafuta vibao vya halal, vibanda vya watu wa Java au migahawa ya Padang, ya Waislamu wa Sumatra, ipo mingi. Nasi goreng (wali wa kukaanga), tempe (soya iliyochachushwa), sambal (pilipili ya kusaga) ya kukulizisha, nazi kila mahali, mie sikupata shida. Matunda nilicheka, shokishoki na doriani kama niko Kizimbani, jipya lilikuwa salak lenye ngozi ya nyoka.

Usiku mabasi yakishaondoka mji unabadilika, ua wa Puri Saren unawashwa taa, gamelan, ngoma yao ya ala za shaba, inaanza na wachezaji wa legong wanatoka, vidole vinatetemeka, macho yanaruka kushoto kulia kwa mdundo. Tiketi nilinunua mlangoni kama laki moja ya rupia. Kaa upande wa wapiga ala, sio mbele, utaona wanavosikilizana.

Ukitaka kununua picha nenda kijiji cha Batuan kwa wachoraji wenyewe, vinyago kijiji cha Mas, mapambo ya fedha Celuk, utamkuta mtu kakaa chini anafanya kazi na bei inazungumzika. Kiangazi ni Aprili mpaka Oktoba, Julai na Agosti pamejaa. Na kabla hujakata tiketi angalia Nyepi, siku yao ya ukimya, inaangukia lini, huwa Machi ama mwanzo wa Aprili, siku hiyo kisiwa kizima hamna kutoka, hamna taa, uwanja wa ndege wanaufunga masaa 24, na mgeni nae anabaki ndani kama wenyeji.