Peugeot 404 ya Safari inayouzwa Nairobi: tuliyoyakuta chini yake

Jumamosi alfajiri tulitoka Arusha, mimi na fundi wangu, mzee wa miaka 70 na ushee ambaye gereji nzima tunamwita Babu. Saa tatu tulikuwa tumeshagonga muhuri Namanga. Mchana tukawa tumesimama karibu na Dagoretti Corner, kwenye karakana ya muuzaji, mbele ya Peugeot 404 nyeupe, sedani, ya injeksheni (petroli inasukumwa kwenye injini na pampu badala ya kabureta), inayouzwa shilingi 3,800,000 za Kenya. Tangazo lilisema: gari halisi la Safari ya 1968 (yale mashindano ya magari ya Pasaka), lilifika mwisho, makaratasi yote yapo. Naandika haya kwa sababu watu watatu wameshaniuliza kama walinunue, na kwa sababu tangu nirudi sijaacha kulifikiria.

Nimekulia ndani ya 404. Baba alikuwa dereva wa steshen wagoni ya abiria kati ya Moshi na Arusha. Nyumbani hatukusema Peugeot, tulisema Pijo, na Pijo maana yake ilikuwa gari lisilokufa. Pasaka moja alikwenda Usambara kuyaona magari ya Safari, enzi hizo mashindano bado yanapita Kenya, Uganda na Tanzania. Alirudi na tope hadi kwenye kola ya shati, akamwambia mama kwamba Bert Shankland kapita na gari kama lake. Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa hapa kwetu Tanzania, walishinda 1966 wakarudia 1967, mara zote mbili kwa 404. Nick Nowicki na Paddy Cliff walikuwa wameshashinda na 404 mwaka 1963, wakashinda tena 1968. Katika Pasaka sita, nne zilikuwa za 404. Baba alikuwa akihesabu ushindi huo kwenye vidole vya mkono wa usukani, kila mara abiria mpya anapokaa mbele.

Kwa hiyo nililiendea gari hili nikiwa nalipenda tayari, na hilo ni jambo la hatari kwa mnunuzi. Ndiyo maana nilimchukua Babu.

Nianze na lile neno la tangazo, "lilifika mwisho". Mwaka 1968 mvua iliigeuza Safari kuwa mto wa tope. Magari 93 yalianza, yakafika 7. Saba tu! Orodha ya magari saba mtu anaijua kwa kichwa, na wapenzi wa Safari wanaijua. Nilimuuliza muuzaji kwa heshima: "Kaka, hao saba wanajulikana kwa majina. Gari hili lilikuwa la nani kati yao?" Akainamisha kichwa, akasema yeye ameambiwa hivyo na aliyemuuzia. Nikamwomba makaratasi.

Makaratasi yalikuwa mazuri kuliko tangazo. Kuna kadi ya gari ya zamani inayoonyesha lilisajiliwa 1967. Kuna bamba la rali, lile la mbele, limefungwa ndani ya gazeti lililogeuka rangi ya chai. Na kuna picha moja nyeusi na nyeupe, pembe moja imechanika, inayoonyesha gari hili hili, namba ya usajili ikisomeka vizuri, limezama hadi kwenye ekseli. Watu kama kumi wanalisukuma. Mwongozaji, yule anayekaa pembeni ya dereva na kumwelekeza njia, amesimama juu ya bampa la nyuma, ameshika kitu kwenye buti, anarukaruka ili magurudumu ya nyuma yapate kuuma ardhi. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli neno moja, Pasaka, na mwaka.

Sasa hapo mimi na muuzaji tulitofautiana. Yeye anaona kwamba kukwama kunashusha thamani, ndiyo maana neno lile likaingia kwenye tangazo. Mimi naona kwamba hiyo picha ndiyo inayolitofautisha na kila 404 iliyobaki Afrika Mashariki. Magari 86 hayakufika mwaka ule, na mengi yaliendeshwa na watu walioijua njia kama wanavyojua nyumba zao. Gari lililoingia kwenye tope lile na bado lipo, likiwa na namba yake ileile, halihitaji kuongezewa chochote.

Babu hakuwa na habari na makaratasi. Alitandika gunia, akalala chini ya gari na tochi, na kwa nusu saa tulichosikia ni kikohozi chake na spana ikigongwa hapa na pale. Alipotoka aliniita nami nilale nione. Kwenye vikombe vya shokapu za mbele kuna bati la ziada lililochomelewa kwa gesi, mshono wake mnene, umepinda kidogo, kama uliochomelewa na mtu aliyekuwa na haraka ya usiku mmoja. Kwenye fremu ya mbele kuna matundu manne yenye nyuzi zilizolika, mahali palipofungwa sahani ya chuma ya kulinda injini. Sahani yenyewe haipo. Matundu yapo, na kingo zake zimeviringika kwa kugongwa na mawe. Mtu anayetaka kughushi gari la rali anabandika stika. Hawezi kukaa akiviringisha kingo za tundu ambalo hakuna atakayelala chini kulitazama.

Ndani, upande wa kushoto wa dashibodi anapokaa mwongozaji, kuna matundu mawili yaliyozibwa kwa mpira. Babu alivitoa vizibo kwa ncha ya bisibisi. Hapo palifungwa kipima umbali, kile cha Halda ambacho kila mwongozaji wa enzi zile alikitegemea. Tukafuata. Kwenye gia boksi, kebo ya spidi bado ina kile kiungo cha njia mbili kilichopeleka mzunguko kwenye spidomita na kwenye Halda. Hakuna mtu aliyekumbuka kukitoa kwa zaidi ya miaka 50.

Rangi ndiyo iliyoniumiza. Gari limepakwa upya miezi michache iliyopita, nyeupe inayong'aa kama sahani ya harusi, na milangoni zimebandikwa namba za plastiki zilizokatwa kwa mashine. Nilipitisha sumaku: mlango wa nyuma kulia una puti nene, ile ya kujazia mabonde ambayo sumaku haiishiki, na chini ya milango sumaku ilidondoka mara mbili. Lakini fundi wa rangi alikuwa mvivu wa ndani, na uvivu wake umetuokoa. Upande wa ndani wa mfuniko wa buti rangi ya zamani ipo bado, nyeupe iliyochoka, yenye vumbi jekundu lililoshikamana nayo hadi halifutiki kwa kidole. Na kwa nje, karibu na kitasa, ukiweka jicho usawa wa bati unaona mabonde mawili madogo na alama za skrubu. Ni vile vishikio alivyoshika mwongozaji kwenye picha. Nilisimama pale nikiwa na picha mkononi, nikaweka vidole vyangu mahali palipokuwa na vyake. Muuzaji aliniambia ana mpango wa kunyoosha mabonde hayo na kupaka rangi ndani ya buti, "imalizike vizuri". Nilimsihi asiguse. Namsihi tena hapa.

Injini ni ile ya 1618 cc, imelala nyuzi 45 upande mmoja kama mtu aliyeegemea ukuta, na hiyo inaacha nafasi kubwa ya kufanyia kazi. Slivu zake, yaani mikebe ambamo pistoni hutembea, zinachomolewa na kubadilishwa, kwa hiyo bloku halihitaji kuchongwa pistoni zikichoka. Baba aliwahi kubadilisha slivu barabarani, chini ya mwembe, na abiria wakamsubiri. Injeksheni yake ni ya kimekanika, pampu ya Kugelfischer, haina kompyuta wala sensa. Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa makini kuliko kwenye injini yenyewe. Pampu ile ikichoka hupati mtu wa kuitengeneza mtaani, na wengi wameitupa wakafunga kabureta. Hii imebaki ya kwake. Iliwaka mara ya pili, ikatetemeka kidogo, ikatulia. Babu aliweka kiganja karibu na ekzosi akasubiri, akakinusa, akasema inakula mafuta mengi kidogo ikiwa baridi lakini pampu ni nzima. Tundu la mpini wa kuwashia kwa mkono lipo kwenye bampa, na mpini wenyewe tuliukuta chini ya kiti cha nyuma.

Tuliliendesha barabara ya Ngong hadi karibu na Karen na kurudi. Gia ziko kwenye shina la usukani, na mkono wangu ulizikumbuka kabla ya kichwa. Usukani ni mwepesi, hauna mchezo. Breki ni drami magurudumu yote. Unazikanyaga mapema na unaacha nafasi. Juu ya matuta gari linaelea, shokapu zinapumua, hakuna kinachogonga. Nilikuwa natabasamu. Babu alikuwa amefumba macho kiti cha nyuma, na nilipomtazama kwenye kioo alinyoosha kidole kimoja kuelekea chini, kwenye sakafu ya nyuma. Kulikuwa na mlio mwembamba kama nyuki ndani ya chupa, unaopanda na kushuka kwa mwendo wa magurudumu.

Difu ya 404, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu, si kama difu za magari mengi. Ndani yake parafujo nene ya chuma inazungusha gurudumu la shaba, na kwa sababu hiyo inataka oili yake maalumu yenye asili ya mafuta ya nyonyo. Tuliporudi nilimuuliza muuzaji ametia oili gani. "Ile ya kawaida tu ya difu, mama. Imetiwa juzi." Babu alifungua nati ya chini robo tu, akakinga matone machache kwenye kiganja. Kwanza alinusa. Oili ile ya kawaida ina dawa yenye salfa, inanuka kiberiti, na shaba haiipendi. Kisha akatoka nje juani, akainamisha mkono huku na huku. Ndani ya ule weusi kulikuwa na chembe zinazometameta, laini kama unga wa dhahabu. Alinionyesha mimi, akamwonyesha muuzaji, akasema neno moja: "Inaliwa."

Ukilinunua gari hili, usiliendeshe hata hadi petroli steshen ya jirani kabla ya kumwaga oili hiyo, kusafisha difu na kutia ile inayostahili. Kwa chembe zile Babu anaamini gurudumu la shaba bado lina maisha, maana ndiyo kwanza limeanza kuumwa. Likiendeshwa hivyo kwa mwezi, atakayelinunua atatafuta difu nzima, na difu nzima ya 404 siku hizi ni safari nyingine.

Kuhusu muuzaji mwenyewe niseme haki yake. Alitupa muda wote tuliotaka, alituruhusu kufungua kila kitu, akampa Babu chai ya maziwa na kiti cha kupumzika. Hakuficha karatasi hata moja. Kosa lake ni kwamba ameamini gari hili linahitaji kupambwa ili lipendwe, na fedha alizotumia kwenye rangi zingetosha kabisa kwa difu.

Wapo wanaoyatafuta magari ya namna hii kwa ajili ya East African Safari Classic, ile iliyoanza 2003. Gari hili linaweza kujengwa kwa kazi hiyo, lakini utalazimika kufunga keji ya vyuma ya kuwalinda walio ndani gari likipinduka, viti, mikanda na mengine mengi, na kila kimoja kitatoboa bati. Mimi nisingelitoboa. Kwa mashindano, tafuta 404 nyingine isiyo na la kusimulia ukaijenge upya. Ukitaka kulipeleka kwenye rali za kihistoria Ulaya, jua pia kwamba halina pasi ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari. Hili nalitaka kwa mtu atakayeliendesha taratibu Jumapili, alitunze buti lile kama lilivyo, na aiweke ile picha ndani ya fremu mahali pasipo na jua.

Bei ya 3,800,000 ilikuwa bei ya gari lililofika mwisho, lenye rangi mpya na difu nzima. Nilimtajia bei yangu, 2,400,000, kwa masharti mawili: difu imwagwe mbele ya Babu, na mfuniko wa buti usiguswe na brashi. La buti alikubali palepale. La bei alikataa, tukaagana vizuri.

Jumatano alinipigia simu. Ameondoa maneno "lilifika mwisho" kwenye tangazo, ameweka ile picha ya tope mahali pake, na ameshusha hadi 3,200,000. Bado sijafikia hapo. Difu hajaigusa, anasema oili hiyo haipati Nairobi. Babu ana galoni moja stoo, ameilinda miaka mingi. Tutaituma kwa basi la Namanga, tulinunue tusilinunue.