Simu nimeilipa yote, bado wameifunga: nyota 2 kati ya 5

Ninaishi Columbus, Ohio, na kwa miaka sita nimekuwa mteja wa kampuni ileile ya simu. Mwezi Machi nilimaliza mkopo wa miezi 24 wa iPhone niliyochukua kwao. Mei nikampa shemeji aliyekuwa anakwenda Tanga ampelekee mama. Mama akatia laini yake, simu ikaikataa. Kumbe bado imefungwa kwa mtandao wa huku, na mimi sina habari.

Hapo ndipo ninapowalaumu. Kampuni kubwa za simu za Marekani, kupitia chama chao cha CTIA, ziliahidi kwamba simu ikishastahili kufunguliwa, mteja ataarifiwa au watamfungulia wenyewe bila malipo, na akiomba atajibiwa ndani ya siku 2 za kazi. Bili zao hazijawahi kuchelewa hata siku moja. Taarifa hiyo sikuipata.

Nilipopiga nilisubiri dakika 50. Mhudumu wa kwanza akasema eti nikimpa fundi aifungue nitakuwa nimevunja sheria. Iliniuma, maana wapo watakaomwamini. Ni kweli iliwahi kuwa hivyo: kuanzia tarehe 26 Januari 2013, simu mpya haikuruhusiwa kufunguliwa bila idhini ya kampuni. Watu zaidi ya 114,000 wakatia saini ombi kwa Ikulu ya Marekani, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria iliyorudisha ruhusa hiyo. Mwenye simu anaweza kuifungua mwenyewe au kumpa mtu amfungulie, ili ahamie mtandao mwingine. Sheria hiyo hailazimishi kampuni ikufungulie, ndiyo maana ile ahadi yao ina uzito. Nilimweleza yote haya kwa utulivu, akanihamisha kwa mwenzake.

Huyu wa pili Mungu ambariki. Aliuliza kama deni limeisha na kama simu haijaripotiwa kuibiwa, kisha akataka IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu. Mama akabonyeza *#06#, akanisomea tarakimu 15 kwa simu ya jirani, moja moja, tukarudia mara mbili. Dakika kumi tukamaliza. Kesho yake jioni ujumbe ukaja kwamba imefunguliwa. Mama akaiunganisha na Wi-Fi ya jirani, laini ikasoma, akanipigia kwa simu yake mwenyewe.

Nyota moja ni ya yule dada wa pili, nyingine kwa kuwa hawakunitoza hata senti. Tatu zilizobaki nitawapa siku watakapoanza kuwaarifu wateja kama walivyoahidi. Wewe unayetaka kutuma iPhone nyumbani, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Jumla (General) kisha Kuhusu (About), uone kama imefungwa, kabla hujaikabidhi kwa msafiri.