Judo kwa mtu mzima anayeanza: mwaka mmoja mkekani unakupa nini hasa

Klabu nyingi za judo hujitangaza kwa maneno yale yale: nidhamu, kujiamini, kujihami, kupunguza uzito. Nidhamu ipo. Kujiamini kunakuja, ila kwa masharti. Kujihami kumetiwa chumvi, na uzito ni hadithi ya jikoni zaidi kuliko ya mkekani. Faida kubwa kuliko zote mara nyingi haimo hata kwenye tangazo, nayo ni kujua kuanguka.

Tathmini hii inamhusu mtu mzima ambaye hajawahi kucheza mieleka ya aina yoyote, anayefanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, kila kipindi dakika 90, kwa mwaka mzima mpaka afike kwenye shindano lake la kwanza. Watoto wana mambo yao, na wachezaji wa viwango vya juu ni habari nyingine.

Tuanze na huko kuanguka, ukemi kwa lugha ya mchezo wenyewe. Wiki nne hadi sita za mwanzo zinapaswa kuliwa na kazi hii, na anayelalamika kwamba inachosha bado hajaelewa anachopewa. Aina ni nne: kinyumenyume, ubavuni, kifudifudi, na kubingirika mbele kupitia bega. Unaanza ukiwa umekaa, kisha umechuchumaa, kisha umesimama, na mwisho mtu mwingine ndiye anakuangusha. Kidevu kinabanwa kifuani na macho yanatazama fundo la mkanda. Mkono unapiga mkeka kwa kiganja pamoja na kigasha chote, ukiwa umeachana na mwili kwa digrii 30 hadi 45. Wakati huohuo unatoa pumzi.

Kila kipengele hapo kina sababu yake. Kidevu kikiachiwa, kisogo ndicho kinachopokea mkeka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mgeni anayetupwa kwa o-soto-gari, ule ufyekaji wa mguu kutoka nyuma, kwa sababu unampeleka chini chali kwa kasi. Aliyegonga kichwa akaona kizunguzungu hata kidogo anatoka mkekani siku hiyo na harudi mpaka apimwe. Mkono ukifunguka hadi digrii 90, bega linabeba pigo. Ukitanguliza kiganja kama nguzo ya kujizuia, unahatarisha kifundo cha mkono, kiwiko au mtulinga. Hilo la mwisho ndilo kosa la asili la binadamu: mtu akianguka hunyoosha mkono. Kule kupiga mkeka, pamoja na kutawanya nguvu ya pigo, kunaupa mkono kazi nyingine ili usiende kujichomeka chini. Baada ya marudio mia kadhaa mwili unaacha tabia ya zamani, na faida hiyo unatembea nayo kwenye ngazi, sakafu yenye maji, baiskeli. Ni sanaa chache za mapigano zinazotoa kitu unachoweza kukihitaji ukiwa na miaka sabini.

Upande wa nguvu, judo hujenga vizuri mshiko, mgongo, nyonga na mapaja. Zoezi la msingi ni uchikomi: unaingia kwenye pigo, yaani mbinu ya kuangusha, mpaka mwenzako anakaribia kunyanyuka, unatoka, unarudia. Seti kumi za marudio kumi, mwenzako akifanya zake unapumzika, zinatosha kumkalisha chini hata mkimbiaji mzuri. Mshangao wa wanaotoka kwenye michezo mingine ni huo: mapafu yapo lakini vigasha vimekwisha, kwa kuwa kushika koti la mtu asiyetaka kushikwa ni kukaza misuli bila kuilegeza. Mifupa nayo hufaidika kwa kubeba mizigo kutoka pande tofauti. Unyumbufu usiutegemee sana. Judo peke yake hukaza mabega na nyonga, na dakika kumi za kujinyoosha baada ya kipindi ni za lazima. Kuhusu uzito, kipindi kigumu kinaleta njaa kali, na mkeka haumsaidii anayekula sahani mbili akifika nyumbani.

Sasa kujihami. Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, aliweka kando mbinu za hatari ili zilizobaki ziweze kufanywa kwa nguvu zote bila kuumizana. Hapo ndipo uzuri na upungufu wa judo unapokutana. Ngumi na mateke hazimo katika mazoezi ya kawaida, mishiko mingi inategemea koti, na kanuni za kimataifa zimepiga marufuku kukamata miguu: zilianza kubana mwaka 2010 na kufunga mlango kabisa mwaka 2013. Anayetafuta jibu la kila ugomvi wa mtaani ataliona pengo. Lakini mtama uliopigwa mara elfu moja kwa mtu anayekataa kuanguka una thamani kuliko mbinu ya kutisha iliyofanywa hewani. Unajifunza kushikwa na mtu mwenye nguvu bila kuhamaki, na hilo si dogo.

Mahali pa kujifunza hilo ni randori, mchezo huru wa mazoezi. Kwa anayeanza, raundi nne hadi sita za dakika tatu zinatosha. Makosa hapa yanafanana dunia nzima: mikono imenyooka kama mbao, kiuno kimepinda, macho yanatazama miguu, na mtu anapigana asianguke badala ya kupigana aangushe. Kosa hilo la mwisho ndilo hujaza wagonjwa. Anayekataa pigo ambalo tayari limeshamuingia huacha goti likijipinda chini ya miili miwili. Lililokwishaingia, liende. Anguka vizuri, simama, shika tena. Kujiamini kunakotajwa kwenye matangazo hutoka hapa, kwa mtu aliyeangushwa mara ishirini katika jioni moja na bado anasalimu kwa heshima. Klabu isiyo na randori haiwezi kukupa, hata ikikuvalisha mkanda wa rangi gani.

Je, ni lazima kushindana? Hapana, ila shindano moja ndani ya miaka miwili ya mwanzo linafaa, kwa sababu linapima kisichopimika klabuni. Pambano la watu wazima ni dakika nne. Ippon, kumbwaga mtu mgongoni kwa nguvu, kasi na udhibiti, linamaliza kila kitu. Waza-ari ni alama iliyo chini ya ippon, na mbili ni sawa na ippon. Kumbana mpinzani chini kwa sekunde 20 ni ippon, na sekunde 10 zinakupa waza-ari. Ukipata shido, yaani adhabu ndogo, mara tatu unatolewa. Mkifungana, mnaendelea bila kikomo cha muda mpaka mmoja apate alama au adhabu imwondoe mwenzake.

Kinachotokea kwa wengi siku hiyo ni hiki: mshiko unakwisha ndani ya dakika ya kwanza, kwa kuwa hofu inakaza kila msuli hata usiohitajika. Mbinu kumi na tano ulizosoma zinapotea, inabaki moja au mbili. Ndiyo maana wiki nane kabla ya shindano unapunguza orodha. Chagua pigo moja unaloliamini, jingine linaloelekea upande wa pili ili mpinzani akikwepa la kwanza akutane nalo, njia moja ya kumgeuza mtu aliyelala kifudifudi, na mbano mmoja. Hayo yanatosha kabisa. Wiki ya mwisho unapunguza makali, hakuna randori nzito siku tatu za mwisho.

Usikate uzito. Mgeni anayejinyima maji ili ashuke daraja anaubadilisha upungufu wa ufundi kwa upungufu wa nguvu, na hatari ya kiafya juu yake. Shindana kwenye daraja la uzito ulio nao. Na ukiweza kuchagua, tafuta shindano la makundi ambamo kila mmoja anakutana na wote, maana kwenye mtoano wa kawaida unaweza kusafiri, kupimwa, kungoja kwa muda wa saa nne, na kurudi nyumbani baada ya sekunde 25. (Hutokea mno.) Beba ndala za kutembelea nje ya mkeka, chakula chepesi, na kumbuka kupasha mwili moto upya kabla ya kila pambano.

Koti la judo nalo lina vituko vyake. La kuanzia, la kitambaa chepesi, linatosha mwaka mzima. La nene hudumu zaidi na ni gumu kushikwa, lakini huchelewa kukauka na kwenye joto ni adhabu. Pamba hupungua, hivyo chukua lenye nafasi, na ulifue kwa maji baridi. Kwenye shindano mkono wa koti lazima ufike kwenye kifundo, na wengi hugundua siku ya ukaguzi kwamba la kwao limepanda.

Gharama kwa mwili isifichwe. Vidole huvimba na kukakamaa. Magoti yako hatarini hasa kwa tani-otoshi mbaya, pale mtupaji anapojiangusha juu ya goti la mwenzake badala ya nyuma yake. Ombeni mwalimu aizuie kwa wageni. Ngozi hupata choa pale watu wanaporudia koti lisilofuliwa. Kucha fupi, kuoga mara baada ya kipindi, koti safi kila siku: hapo hakuna mjadala. Mwenye tatizo la shingo, mgongo au goti la zamani aonane na daktari kwanza.

Kabla ya kulipa, kaa pembeni kipindi kimoja utazame. Mikeka iwe imebana, bila mianya inayomeza vidole vya miguu, na unene wa kama sentimita 4. Hesabu dakika za kuanguka. Wageni wakipata chini ya kumi, au wakiingizwa kwenye randori siku ya kwanza, nenda kwingine. Waangalie wenye mikanda myeusi wanapocheza na wadogo: wanajiachia waangushwe, au wanawatumia kama magunia? Mtu akigonga mkeka kusalimu amri, anaachiwa papo hapo? Mwisho, tafuta kwa macho mtu mwenye umbo na umri kama wako aliyekwishafika mkanda wa kijani, daraja la kati. Kama hayupo, muulize mwalimu watu wa namna hiyo huishia wapi.