Usajili wa wapigakura vyuoni: unavyofanya kazi na unapokwama

Usajili endelevu wa wapigakura, uliorejeshwa na IEBC (tume ya uchaguzi ya Kenya) tarehe 29 Septemba 2025, haulipiwi hata shilingi, na mwanafunzi mwenye kitambulisho mkononi huumaliza kwa dakika chache. Unapatikana siku za kazi katika ofisi za IEBC za maeneobunge, na mara nyingine mashine huletwa hadi chuoni. Kwa wepesi wa kazi yenyewe hatuna lawama. Tatizo ni swali moja la karani, “Unataka kupigia kura wapi?”, ambalo komredi aliyejipenyeza kwenye foleni kati ya vipindi viwili hulijibu bila kufikiri.

Jibu hilo ndilo linaloamua kama utapiga kura au utabaki kutazama. Uchaguzi Mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, na ujao ni 10 Agosti 2027. Agosti wanafunzi wengi huwa likizoni. Mwanafunzi wa JKUAT, chuo kikuu kilichoko Juja, aliyejiandikisha huko na ambaye kwao ni Busia atajikuta zaidi ya kilomita 400 mbali na kituo chake, na hakuna afisa atakayemruhusu kupigia Busia kwa sababu jina lake haliko kwenye sajili ya huko. Kwa hivyo, kama Agosti huwa uko nyumbani, jiandikishe nyumbani. Kama umepanga chumba karibu na chuo mwaka mzima, jiandikishe hapo hapo. Hesabu pia miaka yako: aliyeanza kozi ya miaka minne Septemba 2025 atakutana na uchaguzi mkuu mmoja tu akiwa chuoni, na aliyeanza 2023 huenda atakuwa ameshafunganya.

Kura ya chuoni ina uzito wake, hasa kwa mwakilishi wa wadi (MCA). Taa za barabara ya kutoka hosteli, mitaro, na takataka za soko ambako wanafunzi hununua chakula ni kazi za kaunti, na MCA ndiye hupitisha bajeti yake. Kwa upande mwingine, basari ya NG-CDF (hazina ya serikali ya kuendeleza maeneobunge) kwa wengi hutoka eneobunge la nyumbani, na mbunge wa huko ndiye wa kuulizwa inapochelewa. Pima lipi linakugusa zaidi.

Ukishaamua, nenda na kitambulisho halisi cha kitaifa au pasipoti ambayo haijaisha muda. Nakala, picha kwenye simu au karatasi ya kusubiri kitambulisho havikubaliwi. Karani huchukua maelezo yako, alama za vidole na picha ya uso. Vidole vyenye mafuta, jasho au grisi ya karakana husomwa vibaya, basi nawa na ukaushe mikono kabla ya zamu yako. Kisha usiondoke mezani kabla ya kusoma kilichoandikwa: majina yote, nambari ya kitambulisho, eneobunge, wadi na kituo. Kituo ndicho huponyoka macho ya wengi. Shule za msingi zenye majina yanayofanana ni nyingi, hivyo jina la shule peke yake halitoshi. Hakikisha na wadi. Mashine ikiwa imeletwa chuoni, uliza mapema kama inaandikisha watu wa maeneobunge mengine.

Aliyejiandikisha kabla ya uchaguzi wa 2022 asijiandikishe upya. Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Anachohitaji ni kuomba kuhamishiwa kituo kingine, na sheria inataka ombi hilo lifanywe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, yaani kabla ya katikati ya Mei 2027.

Ofisi ya eneobunge tunaipa nyota nne kati ya tano: kuna utulivu, na karani ana muda wa kujibu maswali. Meza ya chuoni inapata mbili na nusu. Iko karibu, lakini huja kwa msimu, na kampeni za usajili za msimu zimewahi kuanguka vibaya: ile ya Oktoba hadi mapema Novemba 2021 ililenga wapigakura wapya milioni 6 ikapata takriban milioni 1.5. Vijana wa miaka 18 hadi 34 wakawa chini ya asilimia 40 ya wapigakura 22,120,458 walioandikishwa mwaka 2022. Viongozi wa wanafunzi wangefanya vizuri zaidi kuwaalika kwanza maafisa wa usajili wa vitambulisho, halafu IEBC baada ya vitambulisho kutoka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na kitambulisho hatasaidiwa na mabango wala spika.

Siku ya kura utahitaji hati ile ile uliyojiandikishia, na utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA. Alama moja kwa kila karatasi. Kabla ya hapo sajili hufunguliwa kwa siku 30 ili wapigakura wathibitishe maelezo yao vituoni. Nenda ukajihakikishie. Jina likikosekana wakati huo, bado unaweza kupeleka malalamiko ofisi ya eneobunge na yakashughulikiwa. Asubuhi ya 10 Agosti utakuwa umechelewa.