Tathmini ya mzazi: huduma ya ushauri kwa familia za wanaoingia chuo kikuu

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na ndani ya wiki chache familia hulazimika kuamua kozi, chuo na namna ya kulipa ada. Ndiyo sababu mimi, mume wangu na binti yetu aliyesoma tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) tulikwenda katika ofisi moja ya ushauri iliyopo Sinza, Dar es Salaam, ambayo huihudumia familia nzima tangu maombi ya udahili hadi mwisho wa mwaka wa kwanza wa masomo. Tumekuwa nao kipindi hicho chote, na kwa maoni yangu thamani yao kubwa ipo katika yale wanayowafundisha wazazi.

Katika kikao cha kwanza, mshauri alimpa mume wangu karatasi aandike kazi anazoamini binti yetu anazipenda, akampa na binti karatasi yake, kisha akawaagiza wabadilishane na kusoma kimya. Baba alikuwa ameandika udaktari peke yake. Mtoto aliandika maabara, takwimu na utafiti wa magonjwa, na udaktari haukuwamo. Hakuna aliyesutwa. Mshauri alieleza kwa utulivu kwamba sifa za chini zilizomo katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) zinamruhusu mtu kuomba tu, ilhali nafasi za udaktari wa binadamu hugombewa na wenye alama za juu zaidi, kisha akatufungulia ukurasa wa sayansi ya maabara ya tiba, kozi inayofundishwa Muhimbili na Bugando miongoni mwa vyuo vingine. Siku hiyo hiyo mume wangu aliridhia jambo tulilokuwa tukilibishania nyumbani tangu binti akiwa kidato cha tano.

Maombi ya mkopo waliyashughulikia kwa umakini wa kupigiwa mfano. Mshauri alikilaza cheti cha kuzaliwa kando ya cheti cha kidato cha nne, akaona jina la kati limetofautiana kwa herufi moja, akatuelekeza kwa wakili mapema, kabla hatujapeleka cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Alihakikisha pia kwamba binti mwenyewe anaelewa kuwa Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara wake atakapoajiriwa, kwa kuwa deni hilo ni lake.

Lililonigusa zaidi lilitokea muhula wa kwanza, pale fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilipochelewa, na binti akaanza kutopokea simu zetu. Mshauri nasaha wa ofisi ile alizungumza naye kwanza, kisha akatuita sisi wazazi na kutuomba tusianze mazungumzo kwa kuuliza alama za majaribio, bali tumuulize amekula nini na analala vipi, halafu tunyamaze tumsikilize. Alimwelekeza binti pia kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni, ambako msaada ni bure. Mtoto wetu alirudi kuzungumza nasi, na hilo nitawashukuru daima.

Kuhusu ajira, hata hivyo, huduma ni dhaifu. Tulipewa mhadhara mrefu juu ya kujiajiri, lakini hakuna aliyetaja usajili katika baraza la wataalamu wa maabara, wala namna Sekretarieti ya Ajira inavyotangaza nafasi za serikali, wala mahali pa kuomba mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo. Mtu mmoja anayefanya kazi hospitalini angetufaa kuliko mhadhara ule wote. Aidha, chumba cha ushauri nasaha kimetengwa na mapokezi kwa ubao mwembamba, na mtu aliyeketi nje husikia karibu kila neno; kwa kijana anayeeleza huzuni yake, kasoro hiyo ni kubwa na inapaswa kurekebishwa mara moja.

Ada ni shilingi 200,000 kwa familia, lakini vikao vya ushauri nasaha hulipiwa kando, utaratibu nisioukubali kwa sababu ndivyo vinavyohitajika zaidi baada ya mtoto kuondoka nyumbani. Hata hivyo, kwa mzazi ambaye mtoto wake ndiye wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu, naipendekeza. Aende kabla ya Julai, achukue vyeti halisi vyote, na aombe kikao cha binti au kijana wake kipangwe saa ambazo mapokezi hayana watu.