Allegiant: kitabu cha tatu kimeivunja mashine iliyoviendesha viwili vya kwanza

Tahadhari kwanza: hapa chini namtaja anayekufa, anayemuua na sababu yake. Ambaye hajasoma vitabu viwili vya kwanza vya mfululizo huu wa riwaya za Veronica Roth, Divergent (2011) na Insurgent (2012), aanze na hivyo. Allegiant, kilichotoka Oktoba 2013, hakisimami peke yake. Kinaanza pale pale Insurgent kilipokatika, baada ya video ya Edith Prior, mhenga anayeeleza kwa nini jiji lilifungwa, kuonyeshwa jijini, na hakina subira na msomaji aliyesahau nani alimsaliti nani.

Wasomaji wengi walikasirika kwa sababu Tris Prior, mhusika mkuu, anakufa. Mimi sina ugomvi na kifo hicho. Katika Insurgent alijisalimisha kwa Jeanine, adui mkuu wa vitabu viwili vya kwanza, akiwa amelemewa na majonzi na hatia, karibu kuitafuta mauti. Katika Allegiant anachukua nafasi ya Caleb, kaka yake aliyemsaliti, kwa kuwa anaona Caleb anataka kwenda kufa ili alipe deni la dhamira, si kwa upendo. Ni tofauti nyembamba, na Veronica Roth ameiandaa kwa subira tangu wazazi wa Tris walipokufa katika kitabu cha kwanza. Ubovu uko kwenye vyote vilivyokizunguka kifo hicho.

Vitabu viwili vya mwanzo vinaendeshwa na mashine moja iliyo rahisi kuielewa: jiji la Chicago lililozungushiwa uzio, makundi matano ambayo kila moja linaishi kwa fadhila moja, mtihani wa kila kijana afikapo miaka 16 unaoonyesha kundi linalomfaa, na seramu, yaani dawa zinazotawala akili. Kanuni ni chache na zinafahamika. Unadungwa seramu, unaingia kwenye ndoto ya kutengenezwa, na aliye Divergent, yaani asiyetoshea kundi moja tu, anajua kuwa yumo ndotoni. Wasiwasi wote wa msomaji unatoka hapo: je, mtazamaji atagundua kuwa Tris anajua? Tobias, mpenzi wa Tris, anaitwa Four kwa kuwa ana hofu nne tu, na tunazijua zote kwa majina. Unapojua sheria za mchezo, kila hatua ya mchezaji inakutia jasho.

Kitabu cha tatu kinatutoa nje ya uzio hadi uwanja wa ndege wa O'Hare, makao ya Idara ya Ustawi wa Jeni, na mashine inazimwa. Makundi matano hayana kazi tena. Badala yake tunapewa maelezo, tena kwa mdomo: David, mkuu wa Idara, anaeleza, Matthew, mfanyakazi wa Idara, anaeleza, skrini zinaonyesha, daftari la mama yake Tris linajaza mapengo. Kurasa nyingi za katikati ni watu waliosimama kwenye korido wakiambiwa mambo. (Daftari lenyewe, kusema kweli, ndilo bora kuliko hayo mengine yote, kwa sababu angalau lina sauti ya mtu.)

Maelezo yenyewe yanavuja. Tunaambiwa kwamba serikali ya Marekani ilijaribu kuondoa jeni za uoga, ubinafsi, uongo na kadhalika, na kila ilichoondoa kiliondoka na kingine: toa woga, huruma inapungua, toa ubinafsi, silika ya kujilinda inapungua. Ikafuata Vita vya Usafi, kisha miji kama Chicago ikafungwa ili vizazi vipite na jeni zijirekebishe. Sawa. Lakini ikiwa dawa ni kupita kwa vizazi, makundi matano yalihitajika kwa lipi? Jibu linalotolewa, kwamba malezi nayo yanarekebisha tabia, linapita kwa sentensi chache, wakati ndilo swali lililobeba vitabu viwili.

Tundu kubwa zaidi ni Tobias. Kwa vitabu viwili, kujitambua ndani ya ndoto ndiyo alama ya kuwa Divergent, na yeye anayo. Hapa anapimwa na kuambiwa jeni zake zimeharibika. Alama na maana yake zimeachana, halafu hadithi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mtu yule aliyesimama imara mbele ya Marcus, baba yake mkatili, anaporomoka kwa karatasi moja ya vipimo. Anajiunga na mpango wa Nita, mfanyakazi anayeipinga Idara kwa siri, karibu bila kuuliza swali, bomu linalipuka, na rafiki yao Uriah hapati fahamu tena. Matokeo yanauma; chanzo chake hakiaminiki.

Halafu kuna suala la sauti. Safari hii sura zinagawanywa kati ya Tris na Tobias, wote kwa nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Fanya jaribio hili: funika jina lililo juu ya sura, soma aya tatu, ubashiri nani anasema. Mara nyingi utakisia kwa kuangalia nani anatajwa kwa nafsi ya tatu, si kwa namna anavyofikiri. Sentensi zina urefu uleule, tafakuri ileile, hata tashbihi zinafanana. Tena ugawaji huo unavujisha siri. Kitabu kilichokuwa cha msimulizi mmoja kikiongeza wa pili mwishoni, msomaji makini anajiuliza mara moja: wa kwanza ataacha kusimulia lini?

Kilele chenyewe kina mantiki nusu. Tris kuvuka seramu ya kifo kunakubalika, maana katika Insurgent aliishinda hata seramu ya ukweli. Kisha anapigwa risasi, silaha ya kawaida isiyojali jeni za mtu, na hapo nasema vizuri. Ila anayefyatua ni David, tuliyemjua kwa nusu ya kitabu. Jeanine alishauawa katika kitabu cha pili na nafasi yake haikupata wa kuijaza. Isitoshe, kosa la Idara ni kutaka kuwafuta kumbukumbu watu wa Chicago, na suluhisho la kina Tris ni kuifuta Idara kumbukumbu. Mjadala kuhusu jambo zito namna hii ni mfupi mno. Wakati huohuo kule jijini Tobias anampa mama yake Evelyn, aliyetwaa utawala wa jiji, achague kati yake na utawala, na vita vilivyopikwa kwa vitabu vitatu vinapoa ndani ya kurasa chache.

Yapo yaliyosalia kuwa mazuri. Tori, mwenzao wa Chicago, anapigwa risasi wakati wa kutoroka jijini, bila kujua kuwa ndugu yake George yu hai upande wa pili. Peter, mkorofi tangu kitabu cha kwanza, anaomba mwenyewe kufutwa kumbukumbu kwa kuwa ameshindwa kujibadilisha. Na hitimisho, miaka miwili na nusu baadaye, linamweka Tobias, anayeogopa vimo, kwenye waya kutoka juu ya jengo la Hancock akiwa na majivu ya Tris. Hofu ya kwanza kati ya zile nne ndiyo inayolipwa hapo. Laiti kitabu kizima kingekumbuka mali yake namna hiyo.

Nyota mbili kati ya tano. Ukiwa bado unakitaka, chukua toleo la kusikiliza: lina wasimulizi wawili, mwanamke na mwanamume, na tatizo la sauti linakwisha papo hapo. Za O'Hare zipitie haraka, lakini usiruke daftari la mama wala kitanda cha Uriah. Na usidhani filamu ya 2016 itakufaa badala yake. Inaishia Tris akiwa hai, na ile ya nne iliyokusudiwa kumalizia hadithi haikutengenezwa.